Msimu wa Kuondoa Mikongojo

Machi 2

Katika vijana wote waliowahi kutolewa shule kwa utundu, mimi ndiye mwenye akili kuliko wote. Kompyuta zikisikia nyayo zangu zinajiwasha zenyewe kwa heshima. Mwalimu wa hesabu alisema sitafika popote, na kweli sijafika popote: niko palepale, chumba cha nyuma cha duka la shangazi, na kazi ndizo zinazonifuata.

Leo imenifuata kubwa. Mfumo wetu wa kompyuta, mmoja katika ukoo wa Linux, unatengenezwa na watu wa kujitolea tusiojuana hata sura. Tunaonana kwa maandishi tu. Mkubwa wetu ni Mratibu, mama mmoja asiyecheka hata kwa maandishi. Asubuhi kaniandikia: "Jogoo," (ndilo jina langu huko, nilijipa mwenyewe), "maktaba za zamani ziondoke kabla ya toleo jipya. Kazi ni yako."

Nieleze, maana siku nikiwa maarufu watu watasoma hapa. Programu nyingi hazijitoshelezi. Zinaazima ujuzi kutoka kwenye kitu kinachoitwa maktaba: namna ya kuchora mstari, namna ya kufungua faili, mambo hayo. Maktaba ikitoka mpya, programu za zamani haziielewi, zinamlilia bibi yuleyule ziliyemzoea. Basi mfumo ukawa unabeba na za zamani, miaka nenda miaka rudi, ili vikongwe visianguke. Kiofisi zinaitwa vifurushi vya utangamano. Mimi naziita mikongojo. Hakuna anayeitunza, imejaa matundu, na kila tundu lina mwizi anayelichungulia. Toleo jipya linatoka mvua zikiisha. Mikongojo yote iwe imekwenda.

Nani ataiondoa? Jogoo.

Machi 3

Nimetangaza habari mezani. Nilitegemea vigelegele.

"Na mashine yangu?" shangazi akauliza.

Shangazi ana duka la kutarizi. Mashine yake ya sindano kumi na mbili inaendeshwa na kompyuta, na programu inayoiendesha ni kikongwe kuliko vyote. Inaegemea mkongojo mmoja mkubwa, haitembei bila huo.

"Mashine yako iko mikononi mwangu," nikasema.

"Ndiyo maana nauliza."

Binamu yangu Miwani akacheka hadi miwani ikamtoka. Miwani ni binti yake shangazi. Amesoma kompyuta chuoni, na kila siku ananikumbusha bila kusema neno, kwa kukohoa tu.

Shangazi akaweka kijiko chini. "Sikiliza, mtoto wa kaka yangu. Nina beji za shule tatu, watoto wanarudi darasani mwezi wa tano. Beji zikikwama nitalia, halafu nitafuta machozi. Lakini mle ndani mna jani la mama. Jani likipotea, utahama hapa."

Jani analolisema ni la bibi. Bibi alilichora mwenyewe kwenye programu hiyo, siku alipofundishwa kushika kipanya, huku anakigombeza kama mtoto mtukutu. Jani dogo, ncha imepinda kidogo kushoto kwa sababu mkono ulitetemeka. Bibi hayupo tena. Kila nguo inayotoka hapa ina jani hilo ndani ya pindo, mahali asipopaona mtu. Wateja wengi hata hawajui kama wanatembea nalo.

"Halitapotea," nikasema.

"Nakili kwanza," akasema Miwani. "Kila kitu. Kabla hujagusa chochote."

Nikamwambia nimenakili mambo mengi sana maishani, ndiyo maana nilitolewa shule.

Shajara hii kanipa yeye. Kaniambia: "Andika kila unachokigusa, maana wewe ukigusa kitu kikavunjika, unasema ulikikuta hivyo."

Machi 6

Mvua. Paa la chumba changu linavuja juu ya rafu ya diski. Chapuchapu kaweka ndoo.

Chapuchapu ndiye mpiga pasi wetu. Aliyempa jina hilo alikuwa mchokozi, maana akianza shati asubuhi, linakunjwa jua likiwa linazama. Shangazi kamkabidhi ndoo: aimwage kila ikijaa. Nikamwambia, "Kaka, kwa kasi yako tutaogelea." Akatabasamu tu. Hata tabasamu lake huchelewa kufika.

Machi 9

Kwetu hakuna kuondoa kitu kimyakimya. Unatangaza kwanza kwenye orodha ya watu wote: fulani anaondoka, nani bado anamwegemea? Kisha unasubiri. Asiyejibu amekubali.

Tangazo langu lilikuwa tamu. Niliandika: "Mikongojo inakusanywa. Wenye vikongwe wajitokeze, au wanyamaze milele." Mratibu akajibu kwa sentensi moja: "Jogoo, andika kama mtu mzima."

Machi 14

Kajitokeza mzee mmoja mwenye mchezo wa drafti. Kaandika kurasa na kurasa. Mchezo wake unaegemea mkongojo, anautunza tangu mimi sijazaliwa, na vijana wa siku hizi kazi yao ni kubomoa.

Nikauchungulia mchezo wake. Mstari mmoja tu ndio ulikuwa unaitaka maktaba ya zamani. Nikaubadilisha, nikauunda upya, nikamrudishia. Baadaye akaandika: "Sasa hebu tucheze, tuone kama umeuharibu."

Kanifunga. Nadhani mtandao ulikuwa mzito.

Machi 15

Mvua. Kanifunga tena.

Machi 16

Mvua. Sitaki kuzungumzia drafti.

Machi 24

Mikongojo midogo yote imeondoka. Programu ya kamusi nimeiponya. Ile ya kupanga picha mwenyewe kaiponya, kwa woga wa kuponywa na mimi. Saa ya ukutani ya kompyuta haikuwa na mwenyewe wala mtumiaji, nimeizika kwa heshima zote. Mratibu kaandika: "Vizuri." Neno zima! Nimelisoma mara nyingi.

Umebaki mkongojo mkubwa, na anayeuegemea ni mmoja tu: programu ya kutarizi. Aliyeiandika kapotea, anuani yake inarudisha barua. Kwa sheria zetu, programu isiyo na mwenyewe hutupwa pamoja na mkongojo wake.

Nikaandika kwenye orodha: "Ina mwenyewe. Ni mimi."

Shangazi nilipomwambia alinivuta sikio taratibu, namna ambayo haiumi. "Baba yako angekuona," akasema. Nikatoka kwenda kuangalia mvua. Ilikuwa nyingi, ilinyesha mpaka machoni.

Aprili 1

Nimeiunda upya programu ya kutarizi kwa maktaba mpya. Imewaka mara ya kwanza. Naogopa kipaji changu mwenyewe.

Aprili 2

Tumeijaribu kwenye kitambaa kibovu. Beji ya shule ya kwanza ina taa na kitabu kilichofunguliwa. Sindano zikaanza kukimbia, shangazi kakunja mikono, Miwani kakunja uso.

Ikatoka beji miguu juu. Taa imesimama kwa kichwa, kitabu kinamwaga kurasa zake chini.

"Shule gani hii?" akauliza Miwani. "Ya popo?"

Chapuchapu aliichukua akaigeuza huku na huku. "Mimi nimeipenda," akasema. Akaibandika ukutani juu ya meza ya pasi.

Nilijifungia nikatafuta kosa mchana kutwa bila kuliona. Miwani akaja na kiti chake, hakukohoa. "Maktaba ya zamani ilikuwa inaanza kuhesabu kutoka chini kwenda juu," akasema. "Mpya inaanza juu kwenda chini. Programu yako inapanda ngazi wakati wenzake wanashuka." Tukakaa bega kwa bega tukigeuza hesabu moja moja. Sijawahi kumwambia mtu hili: Miwani akifanya kazi anaimba chini chini, na anaimba vibaya, na inatuliza.

Nilimdhania mwenye maringo. Kumbe ni mimi niliyekuwa nimevimba, yeye alikuwa amekaa mahali pake tu.

Aprili 8

Mvua, mvua, mvua. Ndoo imejaa mara nyingi, Chapuchapu kaimwaga kila mara. Nakiri si mzembe. Ni kwamba hajui kuanza kitu na kukiacha.

Aprili 12

Beji imetoka wima! Taa inawaka, kitabu kimekaa. Shangazi kaileta dirishani, akaitazama kwa mwanga, akaigeuza nyuma akapapasa nyuzi. "Ni safi kuliko ya zamani," akasema. Nikajipiga kifua mpaka nikakohoa.

Nimemwambia Mzee wa Drafti. Kajibu: "Hongera. Zamu yako."

Aprili 17

Tunatarizi beji, toleo jipya likiwa kwenye kompyuta yangu na la zamani bado kwenye ya shangazi. Mratibu anasema kabla ya kulifunga toleo lazima mtu ajaribu kuuondoa mkongojo mkubwa kwenye kompyuta ya kazi, ya kweli, si ya majaribio. Nikanyoosha mkono. Ya shangazi.

Miwani anakwenda kwenye mitihani yake, atarudi baada ya wiki mbili. Akanisimamisha mlangoni, begi mgongoni.

"Umenakili?"

"Nimenakili."

"Na jani?"

"We dada, nimekwambia nimenakili. Nenda ukafaulu."

Aprili 20

Mvua. Mzee wa Drafti kasema ninaboreka. Kisha kanifunga.

Aprili 23

Naandika polepole leo.

Asubuhi nilikaa kwenye kompyuta ya shangazi. Kwetu kuna amri mbili za kuondoa kifurushi. Moja ni "ondoa": inakitoa kifurushi, inaacha vitu vyake vingine palepale, kama mpangaji aliyehama akaacha ndoo na ufagio. Ya pili ni "fagia": inatoa kila kitu na kupiga deki. Mratibu alisema tujaribu "ondoa". Mimi nikaona, kazi ya Jogoo iwe inang'aa. Nikaandika "fagia".

Ikafagia. Nikaiweka programu mpya, nikaiwasha. Ikawaka bila mkongojo wowote, inatembea yenyewe kama kijana. Sindano zikakimbia, beji zikatoka moja baada ya nyingine, wima, nzuri. Nikamwandikia Mratibu: "Kikongwe kinakimbia mbio." Nikacheza kidogo katikati ya duka. Chapuchapu akacheza pia, wimbo ukiwa umeshakwisha.

Shangazi akaja na sweta ya mteja. "Nitilie jani hapa ndani."

Nikafungua orodha ya michoro. Taa na kitabu vipo. Ndege ya shule ya pili ipo. Mlima wa shule ya tatu upo. Jani halipo.

"Subiri kidogo, shangazi."

Nikatafuta kwa jina. Nikatafuta kwa tarehe. Nikatafuta kwa ukubwa wa faili, kitu ambacho hufanywa na mtu aliyekwisha kujua jibu. Beji tumezichora juzi, kwa hiyo zimehifadhiwa kwenye folda ya shangazi. Lakini bibi alichora zamani, na enzi hizo programu ilikuwa inaweka michoro ndani ya folda ya maktaba yenyewe. Folda ya mkongojo. Niliyoifagia.

Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu, anashika pindo la sweta mahali pa jani. Ningependa angepiga kelele.

"Mashine imelisahau," nikasema.

"Imelisahau," akarudia.

Nikaweka programu ya kuokoa mafaili yaliyofutwa. Ikachimba mpaka jioni. Lakini lile toleo jipya nililoliweka lilikuwa limeshaandika juu ya sehemu ile. Nilichokipata ni mstari mmoja uliopinda: shina. Shina bila jani.

Miwani akapiga simu kuuliza imekwendaje. Nikamwambia.

"Haya, usihangaike," akasema. "Rudisha kutoka kwenye nakala yako."

"Nakala," nikasema, "ilikuwa kwenye diski ya rafuni. Imelowa. Paa linavuja, si unajua."

"Pole," akasema. "Pole sana, ndugu yangu."

Aprili 24

Shangazi kamwita Chapuchapu. "Ndoo nilimpa nani?" Hakupandisha sauti. Chapuchapu akatazama ndoo, akatazama rafu. "Mimi," akasema.

Nimekuwa na shughuli nyingi leo. Sikupata nafasi ya kuongea na mtu.

Aprili 25

Kuna jambo moja halikuwa la kusubiri. Kama mkongojo ulikula jani letu, kuna wengine wana majani yao humo humo, na toleo likitoka watafagia kwa furaha kama mimi. Nikaandika kwenye orodha, kama mtu mzima: msifunge toleo, amri ya "fagia" inafuta michoro ya watumiaji, imetokea kwenye kompyuta moja. Nikaeleza folda iko wapi na nini cha kufanya.

Mratibu akasimamisha kila kitu. Tumeandika kipande kidogo cha amri: kabla ya kufagia, michoro yote ya zamani inahamishiwa kwenye folda ya mwenyewe. Mzee wa Drafti kakijaribu usiku wa kwao, akasema kinafanya kazi. Akaongeza: "Umefanya vyema, kijana." Sikucheza drafti.

Mei 2

Mvua zimepungua. Miwani karudi, kafaulu. Kaangalia ukuta wenye beji ya popo akacheka. Halafu akaangalia rafu. Hakugusa diski.

Mei 5

Beji za shule tatu zimekwenda. Zimejaa maboksi, zimenyooshwa na Chapuchapu moja moja, zinang'aa kama sarafu mpya. Mwalimu mmoja alikuja mwenyewe kuzichukua, akamwambia shangazi hajawahi kuona taa iliyotarizwa ikang'aa hivyo. Shangazi akanionyesha kwa kidole: "Huyu hapa, wa kwetu." Kila mmoja kakenua.

Kisha shangazi akatoa aproni ya zamani ya bibi. Ndani ya pindo, jani. Akaibandika kwenye kioo cha dirisha, akaniambia nishike, akawa analichora kwenye karatasi kwa penseli. Ncha inayopinda kushoto ilimsumbua. Mkono wake hautetemeki.

"Linafanana," akasema.

Linafanana kweli. Mteja hatajua tofauti. Yeye anajua, nami najua.

Mei 8

Toleo limetoka! Hakuna mkongojo hata mmoja. Dunia nzima, kwa maana ya watu wetu wachache, inashangilia. Kwenye maelezo ya toleo wameandika jina langu: "Shukrani kwa Jogoo, aliyegundua mapema hatari ya amri ya fagia, kabla haijamdhuru mtu yeyote." Mratibu kaweka alama ya kushangaa. Watu wanasema hajawahi.

Miwani kachapa ukurasa huo kwa herufi kubwa, kaubandika mlangoni pangu. Shangazi kapika mpaka sufuria zikaisha. Mzee wa Drafti kaniachia mchezo mmoja, kwa makusudi, hata mimi niliona.

Wakati tunakula, tukasikia nyundo juu ya vichwa vyetu. Nikatoka. Mvua ya mwisho mwisho ilikuwa inanyunyiza. Chapuchapu alikuwa juu ya paa, shati limemgandia mwilini, anapigilia bati juu ya chumba changu. Polepole, msumari mmoja mmoja, kama anavyopiga pasi.

"Kaka, shuka! Chakula kinapoa."

"Namalizia, mdogo wangu." Akanitazama chini. "Nisamehe. Lile jani la bibi nimelimaliza mimi. Sijui ndoo ilinipitaje, naapa niliimwaga kila mara."

Aliimwaga kila mara. Nimeandika mwenyewe humu, tarehe nane Aprili. Ametubu kosa ambalo hakulifanya, mbele ya mtu anayejua. Nami nikamjibu nini? Nikamwambia, "Usijali."

Nimeingia ndani, nimeishika diski. Nimeipapasa kila upande. Kesho asubuhi, kabla ya chai, nitawaita wote watatu, shangazi, Miwani na Chapuchapu, niseme kwa mdomo wangu. Nitataka kuanza na maelezo, najijua, nitaleta folda na maktaba na amri na hesabu za kupanda na kushuka. Kwa hiyo leo najizoeza hapa, kwa ufupi, bila mbwembwe.

Diski ni kavu. Ilikuwa kavu msimu mzima, na ndani yake hamna kitu. Sikunakili.